Mbao za Upande wa Kushoto

9 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha kutabiri mvua. Sisi huku hatujambo. Jirani aliyekuwa akigombana nasi kwa ajili ya uzio amesafiri, kwa hiyo sasa tunagombana na mkewe, ambaye ni hodari zaidi. Kazini ni yale yale, nafua mashuka ya hospitali tangu asubuhi hadi vidole vinakunjamana.

Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia simu unaniambia maneno ya simu hayana mahali pa kupiga muhuri. Haya, nimeandika. Nimempa dereva wa lori la mbao, anayekuja huko mara mbili kwa mwezi, akikumbuka.

Jambo lenyewe ni mpwa wako. Unajua alikuja huko mjini kwako mwezi wa kumi kuchezea klabu ya mpira wa kikapu, na analala bweni la klabu. Alipoondoka, mtaa mzima ulisema huyu atatufikisha mbali. Sasa ligi imeanza, wamecheza mechi sita, na binti yangu hajapata pointi hata moja. Kaka, hata mimi ukinirushia mpira kwa bahati mbaya katika mechi sita, mmoja ungeingia.

Chuo cha uuguzi kimemwekea nafasi, lakini kinataka jibu kabla ya mwisho wa Juni. Mimi nimefua sare za wauguzi miaka kumi na tisa, ningependa kufua moja ya mwanangu. Lakini sitaki kumkatiza mtoto jambo analoliweza. Kocha simwamini, maana ana timu yake ya kutetea. Wewe umepanga mbao madaraja miaka thelathini na nne pale kiwandani, ukitazama ubao unasema huu daraja la kwanza, huu la pili, huu la tatu, huu kuni, na hakuna aliyewahi kuurudisha muhuri wako. Nenda ukamtazame. Kama ana kitu, abaki. Kama hana, arudi. Neno lako ndilo nitakalolifuata.

Dada yako


2 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka dizeli, lakini imefika. Mimi mzima. Goti lilitabiri mvua Jumatatu, ikanyesha Jumatano, kwa hiyo bado lina kazi. Tangu nistaafu nimepanga madaraja milango yote ya nyumba hii, na mwenye nyumba ameniomba niache.

Kazi uliyonipa nimeivalia njuga. Nimekwenda mazoezini mara tatu na kwenye mechi mbili. Nimejaza fomu yetu ya kiwandani, maana sijui kutazama kitu bila fomu. Nakala moja ni yako, moja yangu, na ya tatu nilimpa kocha, akaipangusia filimbi.

Urefu: futi sita na inchi moja, bila viatu.
Nyufa: hazionekani.
Vifundo: viwili, magotini, vya kawaida.
Wadudu: hakuna.
Kupinda: kidogo, kuelekea kushoto (anatumia mkono wa kushoto).
Sauti akigongwa: nilimgonga begani kwa kidole. Akasema, "Mjomba, vipi tena?" Sauti nzuri, kavu.
Daraja: limeahirishwa.

Nimeahirisha kwa sababu ya mambo niliyoyaona uwanjani. Katika mechi ya kwanza alipata mpira mara tatu. Mara ya kwanza aliudundisha, haukurudi mkononi. Mara ya pili aliudundisha, ukapita katikati ya miguu yake. Mara ya tatu hakuudundisha kabisa, alimkabidhi refa. Refa akamshukuru.

Nilimuuliza kocha, "Huyu ataweza?" Kocha ni mtu wa maneno machache. Akasema, "Kesho." Nikarudi kesho yake, akasema, "Kesho." Nikajua nimechelewa kugundua, maana watazamaji wote wanamwita mpwa wangu hivyo hivyo, Kesho. Akisimama kutoka benchi wanapiga makofi, "Kesho! Kesho!" naye anatabasamu na kuwapungia mkono. Mimi ningelia.

Nipe muda.

Kaka yako


23 Februari

Kaka,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mke wa jirani amehamisha uzio hatua mbili kuelekea kwetu, nami nimeurudisha hatua tatu, kwa hiyo kuna amani.

Nimesoma fomu yako. Nashukuru kwa habari kwamba mwanangu hana wadudu. Nilimzaa mwenyewe, nilikuwa na fununu. Nilichokuuliza ni kimoja tu: anaweza au hawezi? Usinipige chenga na vifundo vya magoti. Kila mama wodini ananiuliza, "Binti amefunga?" nami najibu, "Bado kidogo," kama keki iliyo kwenye oveni.

Na usimgongegonge mtoto mbele ya wenzake.

Dada yako


17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Dereva alisahau barua yako chini ya kiti wiki mbili, na kwa sababu aliikalia, imenifikia ikiwa imenyooka sana.

Nimepata ugunduzi. Weka shauri la mtoto kando kidogo, nikueleze habari ya sakafu.

Ukumbi wao una sakafu ya mbao. Katika mechi ya Jumamosi nilisikia mpira ukidunda upande wa kulia, tu, tu, tu, sauti ya ubao mzima. Ukivuka upande wa kushoto, chini ya kikapu, unasema pfu. Mpira unaotoka kiunoni unarudi magotini. Mapumziko yalipofika nikaingia uwanjani na nyundo yangu ndogo, nikapiga magoti, nikaanza kugonga ubao mmoja mmoja huku nimelaza sikio. Refa akaja. "Mzee, umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu. Nasikiliza."

Watazamaji walidhani ni burudani ya mapumziko, wakanipigia makofi. Nilipofika ubao wa kumi na nne walinzi wawili wakanibeba, mmoja huku mmoja huku, kwa heshima.

Lakini nilikwisha kusikia. Upande ule wote umekauka baada ya kupigiliwa, ukajikunja, chini kuna uwazi. Wachezaji wa zamani wanapajua, wanapakwepa kama unavyokwepa ngazi mbovu ya nyumba yako. Mpwa wangu ni wa mkono wa kushoto, na kocha anampanga kushoto. Kila akidundisha, mpira unamfia mkononi. Hakuna mtu ambaye angefunga pale.

Kwa hiyo si kosa la mtoto peke yake. Ni mbao. Nani alizipitisha ni habari ya zamani, na wengi wa enzi zile wamekwisha kufa. Hali ya hewa huku ni nzuri.

Kaka yako


8 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Huku wote wazima. Hospitali imeleta mashine mpya ya kufulia, inaimba ikimaliza, wagonjwa wanalalamika kwamba haijui wimbo wa pili.

Nimeisoma barua yako mara nne. Nilikutuma utazame mtoto, umenitazamia sakafu. Hata hivyo nimefuatilia, na nina maswali mawili.

La kwanza: mechi za ugenini je? Huko nako hajafunga. Au mbao za dunia nzima zimejikunja upande wa kushoto kwa kumchukia mwanangu?

La pili: umesema walioipitisha wengi wamekufa. Wengi si wote. Aliye hai ni nani?

Kama kuna jambo unalijua, kaka, andika tu. Mimi ni dadako. Sina haraka ya kukujibu vibaya.

Dada yako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Natumai hamjambo.

Kuhusu kumbi za ugenini: ziko tatu. Mbili zina sakafu za mbao zile zile, shehena moja, mwaka mmoja, zilijengwa pamoja na huu wa hapa kwa ajili ya mashindano fulani. Huo wa tatu ni wa saruji, watakwenda huko mechi ya mwisho.

Swali lako la pili sina la kuongeza.

Nimefikiri sana. Sakafu ni sakafu, na mchezaji mzuri angepata namna. Mpwa wangu ni mtoto mzuri lakini amepoteza msimu. Uuguzi ni kazi ya heshima. Umeomba neno langu, basi ni hili: daraja la tatu. Arudi nyumbani.

Kaka yako


14 Mei

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima.

Nimeipokea hukumu yako. Mtoto sijamwambia.

Miaka yote ile hukuwahi kuandika daraja bila kuandika sababu mbele yake. Hata ule mlango uliotuletea nilipoolewa uliuandikia sababu tatu. Safari hii umeandika daraja, sababu hukuandika. Nasubiri. Chuo kinasubiri hadi mwisho wa Juni, nami nitasubiri nacho.

Mke wa jirani ameuliza kama wewe ni mgonjwa. Nimemwambia sijui.

Dada yako


11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa mwezi mzima huu nimejiona sistahili kuamkiwa.

Barua yako niliiweka mezani siku tano. Kila nikipita, inanitazama. Siku ya sita nikaona la kuvunda halina ubani, nikachukua nyundo na mtaimbo nikaenda kwenye kikao cha kamati ya klabu.

Sakafu zile nilizipitisha mimi. Zote tatu. Mbao zilikuwa mbichi, ukibonyeza kwa kucha zinatoa maji. Mtu mwenye akili haupigi muhuri ubao mbichi, anausubiri ukauke ndipo ajue ni ubao gani. Nililijua hilo kuliko jina langu. Lakini sherehe ya ufunguzi ilibaki siku tisa, na mkuu wa kiwanda akaniambia nikiipitisha shehena ile nitakuwa mpanga madaraja mkuu. Nikaipitisha. Nikawa mkuu. Cheo hicho ndicho mnachokisifia kwenye harusi zote za ukoo. Mwezi wa tatu nilipolaza sikio kwenye ubao ule nilijua ni kazi yangu kabla sijanyanyuka. Halafu nikakuandikia daraja la tatu kwa mtoto, ili sakafu ifungwe mdomo. Nimeona aibu nyingi katika umri huu, lakini hii imenilaza njaa.

Sasa sikia ya kamati. Nilisema, "Nimekuja kujishtaki."

Katibu akasema mashtaka ni Jumanne. Nikamwambia leo ni Jumanne. Akapekua kalenda, akakubali kwa shingo upande, akanipa fomu. Penye jina la mlalamikaji nikaandika jina langu. Penye mlalamikiwa nikaandika jina langu. Akairudisha, akasema wanaogombana hawawezi kutumia kalamu moja. Ikabidi nikaazime ya mwenyekiti.

Kisha wakataka ushahidi. Tukashuka ukumbini, wachezaji wakiwa mazoezini, mpwa wangu akiwemo. Nikang'oa ubao wa kumi na nne kwa mtaimbo, nikaugeuza. Chini yake muhuri wangu, namba kumi na saba, umekaa kama nimeupiga jana. Wote wakainama. Mwenyekiti akanishika mkono, akasema katika maisha yake hajaona muhuri uliopigwa vizuri namna hii. Nikamwambia mzee, mimi nakuambia nimeharibu sakafu yako. Akasema ndiyo, lakini muhuri umenyooka.

Hata hivyo wameufunga ukumbi. Ligi imebakiza mechi moja tu, ile ya saruji, na imechezwa juzi. Nilikwenda nikiwa na imani kwamba sasa dunia itamwona. Mdogo wangu, ilikuwa balaa. Mtoto amezoea kupigilia mpira kwa nguvu zote kwenye ubao uliokufa. Kwenye saruji aliupigilia vile vile, ukaruka juu ya kichwa chake, ukapita juu ya kichwa cha beki, ukaenda kutua mapajani mwa katibu wa klabu, aliyekuwa amesinzia. Wa pili ulimpiga kidevuni. Watu walicheka hadi wauza maji wakakaa chini. Robo tatu zikaisha hivyo. Kocha akanyanyuka kumtoa, akaangalia benchi, akakaa tena. Nilimsikia akisema, "Leo." Ni neno la pili nililowahi kumsikia.

Robo ya mwisho mkono ulianza kulegea. Mpira ukakubali kurudi. Alifunga pointi nne. Walishindwa kwa thelathini na moja, lakini zile nne nimeziona kwa macho yangu.

Unataka neno langu. Pointi nne kwa robo moja baada ya msimu mzima kwenye sakafu yangu: ni kipaji, au ni bahati? Nimetazama, nimegonga, nimesikiliza. Sijui. Sijawahi kuandika neno hilo kwenye karatasi. Sijui, na lile daraja la tatu ulichome. Fanya utakavyoona.

Kaka yako


25 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo, na safari hii uitikie vizuri.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya kapu la mashuka, na mashine ikaimba hadi ikanyamaza yenyewe.

Nilikuwa najua. Tangu mwisho wa mwezi wa pili, nilipokwisha kukuandikia habari ya oveni. Mtoto aliniandikia. Ubao mmoja uling'oka mazoezini, yeye na wenzake wakaambiwa waurudishie kabla ya chakula. Akaugeuza, akaona kumi na saba. Amekua akiiona namba hiyo kwenye mlango wa chumba chake, ule uliotuletea, hakuhitaji kumuuliza mtu. Barua yake ninayo hapa, nakunukulia: "Mama, nikisema sakafu ni mbovu wataifunua, na wakiifunua watamjua mjomba. Anakuja kila mechi, anakaa mbele. Usimwambie. Nitazoea."

Wakamwita Kesho, akawapungia mkono. Ndiyo ile uliyoniandikia kwamba ungelia.

Nilitaka kukuambia. Nilishika kalamu mara nyingi, nikaiweka. Nikasema, aliyeniomba nisiseme ni mwanangu, na mwenye kusema ni kaka yangu. Nilipopata daraja la tatu nililia kwa hasira, kaka, nakwambia wazi. Nilikwisha kukunja nguo zake za chuo. Ungenyamaza hadi mwisho wa mwezi huu ningemwita nyumbani, si kwa sababu hajui kucheza, ila nisingemwacha abebe mzigo wa mtu anayeuona na kugeuza shingo.

Hukugeuza. Ulichelewa, lakini hukugeuza.

Kuhusu mpira, mimi nami sijui. Pointi nne. Mama mmoja wodini anasema ni chache, mwingine anasema ni nyingi, na wote wawili hawajawahi kuona kikapu. Nilimpigia mtoto simu, nikamwambia aseme mwenyewe anataka nini. Akasema, "Nataka kujua nikicheza mahali pazuri inakuwaje." Nimewaandikia chuo wampe nafasi mwingine. Nilipokwisha kuifunga bahasha nilifua shuka moja mara tatu bila kujua.

Mimi si wa kuombwa radhi. Nenda kwake.

Dada yako


10 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nilikwenda asubuhi ile ile barua yako ilipofika, nimevaa shati la harusini. Bwenini wakaniambia yuko mazoezini, klabu imeazima uwanja wa saruji nyuma ya kituo cha zimamoto. Nikafika, nikamwona kupitia uzio wa wavu, peke yake upande wa kushoto. Nilimwita. Akageuka, akasema, "Mjomba, shikamoo. Samahani, bado sijamaliza. Unaweza kusubiri?"

Nikamwambia naweza. Nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nakuandikia hapa hapa. Bado hajamaliza.

Kaka yako